Mwaka Niliofundishwa Ngumi na Yusuf Ma

Habari ya kifo cha Mzee Ma ilinifikia kwenye simu, nikiwa ofisini Nizwa na mafaili ya tende yamejaa meza nzima. Ilikuwa sauti ya Yusuf iliyorekodiwa, kwa Kiarabu chake kile kile cha vitabuni, akisema ami yake amefariki Ijumaa baada ya alfajiri, wamemzika siku ile ile, na watu walijaa mpaka nje ya ua wa msikiti. Niliisikiliza mara tatu. Halafu nikaondoka kitini, nikashuka hadi kwenye gari, nikapanda tena, nikashuka tena. Jioni mke wangu aliponiona naingia chumba hiki natokea kile, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia ni mzee mmoja wa Kichina niliyemwona siku moja tu maishani. Akanitazama. "Siku moja, na chakula kimekushinda?" Hapo nikatambua kwamba mwaka ule sijamhadithia mtu, hata yeye, na sikumhadithia kwa sababu ndani yake mna jambo nililolifanya mie mwenyewe, ambalo mpaka leo, na ndevu zimeshaingia mvi, likinijia ghafla njiani hupunguza mwendo wa gari.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimerudi kwetu Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka Maskati, baada ya kuacha chuo bila ya sababu niliyoweza kumweleza mtu. Nilikuwa situlii. Asubuhi naendesha gari mpaka Sur, pwani, kwa kisingizio cha kununua samaki, nafika, natazama maji dakika tano, narudi, na samaki sijanunua. Mama yangu alikuwa akinisikia nikitembea sebuleni na kusema, bila ya kuinua macho kutoka kwenye mchele anaouchagua, "Nassor, mwanangu, kaa kitako, zulia hilo lina haki yake." Ndipo nikapata kazi ya kutunza stoo kwenye kambi ya mafundi wa Kichina waliokuwa wakilaza mabomba ya maji upande wa kwenda Sinaw. Kambi yenyewe ilikuwa makontena meupe yamepangwa safu mbili jangwani, na katikati banda refu la kulia chakula lenye feni nne, moja ikigonga kila inapozunguka. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na sahani yangu nisijue pa kukaa, kwani nilishasikia kwamba meza zile kubwa wanakula nguruwe. Mtu mmoja akaniinulia mkono kutoka meza ya pembeni, akaniambia kwa Kiarabu kama cha hotuba ya Ijumaa, "Ewe ndugu, njoo huku, chakula hiki ni halali." Huyo ndiye Yusuf Ma, mkalimani wa kambi. Alikuwa amepindukia thelathini kidogo, mfupi, mabega mapana, na sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kujikunja kama tini iliyokaushwa. Mezani pale walikuwa sita, wote Waislamu kutoka magharibi ya China, na walikuwa wakila tambi zilizovutwa kwa mikono ndani ya supu ya kondoo yenye pilipili. Baadaye Yusuf alipompelekea mama yangu bakuli la tambi hizo, mama alionja, akaweka kijiko chini kwa adabu, akaniuliza kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani, kama sukari imewaishia.

Mazungumzo ya meza ile ndiyo yaliyonivuta. Sikuelewa lugha, lakini niliona jinsi watu wazima, wamechoka na jua, wanavyosimama na kijiti cha kulia mkononi kuonyeshana namna ya kukwepa ngumi. Yusuf alinitafsiria vipande vipande, na kwa miezi miwili nikapata hadithi ya nchi nzima kutoka kwenye meza moja. Alisema kwao zamani ngumi ilifundishwa uani mwa msikiti baada ya laasiri, kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kama mtu anavyohifadhi sura. Yeye alifundishwa hivyo na ami yake. Halafu akiwa na miaka kumi na miwili akapelekwa shule ya michezo ya serikali, yeye na watoto wengine wa wakulima, wakafundishwa mchezo wa ngumi, mateke na kuangushana, wakiambiwa atakayeshinda mashindano ya mkoa atapata kazi ya polisi au ya ualimu. Wengi hawakupata kitu. Walikuwa vijana wa miaka ishirini wasiojua kingine isipokuwa kupiga. Wakati huo huo ndipo ulipoingia mchezo mpya, mapigano mseto, yale ya ndani ya kizimba ambako mtu hupiga, huangusha, hukaba na kukunja viungo, na vijana hao wakaenda Beijing kuutafuta kama watu waendao kuchimba dhahabu. Walilala kumi chumba kimoja juu ya ukumbi wa mazoezi. Mwalimu wao wa kwanza wa kupigana chini alikuwa Mbrazili.

"Sisi tulijua kuangusha," Yusuf alinieleza. "Tukishamwangusha mtu tunarudi nyuma, tunamngoja refa. Yule Mbrazili akatuuliza, mbona mnamwachia? Hakuna aliyewahi kutuuliza."

Wazee kwao, alisema, waliuchukia mchezo huo. Kumkalia mtu kifuani na kumpiga ni mapigano ya mbwa, hayana adabu. Vijana nao wakasema ngumi za wazee zimekuwa ngoma ya kuwachezea watalii, hazijampiga mtu miaka hamsini. Mama mwenye mtoto mmoja hataki uso wa mwanawe uvunjwe, na huku makarani wa mjini wanalipia kuja jioni kujifunza kukabana ili wapunguze vitambi. Kila mtu alikuwa na kauli yake, na mezani kwetu pia. Fundi mmoja mzee wa kuchomea vyuma, kila zilipofika habari hizi, alichukua bakuli lake akaenda kukaa peke yake chini ya feni inayogonga. Nilidhani hapendi kelele.

Nilimwomba Yusuf anifundishe. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaniambia nilete turubai. Tukatandika sponji za kufungia mabomba kwenye sakafu ya stoo, turubai juu yake, tukalikaza kwa kamba, na kila siku baada ya laasiri nikawa naangushwa. Sijapata kuona raha kama ile. Mwili wangu uliokuwa ukihangaika mchana kutwa ulipata pa kwenda. Alinifundisha kuingia chini, kushika nyuma ya magoti yote mawili, kusukuma kwa bega, na kufuata mpaka chini bila ya kuacha nafasi ya upepo kupita. Alikuwa mpole. Mkono wake ulitangulia daima nyuma ya kichwa changu kabla sijagonga. Nilipomwambia nataka kupigana Maskati, ambako nilisikia kuna kizimba, akasema, "Jifunze kwanza, ya kupigana tutaona." Nilipomuuliza yeye aliacha mapigano kwa nini, akaniambia nikaze kamba za turubai.

Aliyenijibu alikuwa Peng, kijana wa kupima ardhi, wa meza zile kubwa. Siku moja mchana aliniita kwenye kontena lake, akafungua kompyuta, akanionyesha filamu fupi. Ukumbi wenye vioo. Mzee mmoja mwembamba, nguo nyeupe, kofia nyeupe, anainua mikono kwa utaratibu. Mbele yake kijana mwenye kaptula. Mzee akapiga kwanza, ngumi moja safi iliyomfika kijana mdomoni. Halafu kijana akaingia chini, akamchukua miguu yote miwili, akamlaza, akamkalia, akampiga usoni. Kofia ikaviringika. Akampiga tena. Hapo watu wakaingilia. Yote hayakufika nusu dakika. Nililijua lile sikio. Peng alisema filamu ile imeangaliwa na watu wengi mno kwao. Sikuuliza mzee ni nani. Laiti ningeuliza. Niliomba anirushie kwenye simu, akanirushia.

Nataka niliseme hili bila ya kujipamba. Sikuionyesha filamu ile kwa bahati mbaya. Nilikwenda nayo mgahawa wa chai wa pale Ibra walipokuwa wakikaa vijana wenzangu, nikaiweka mezani, nikasema, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu kuacha chuo wananisikiliza. Wakaitaka, nikawarushia mmoja mmoja, simu kwa simu, na kwa wiki moja ilikuwa imefika kila mahali. Ikafika na nyumbani. Mama yangu alikuwa jikoni anakanda unga wa mandazi, binamu yangu akamwekea simu mbele ya macho. Mama akatazama mpaka mwisho, mikono yake imesimama ndani ya unga.

"Mzee huyu nani?"

"Sijui, mama."

"Humjui, na unacheka." Akarudi kwenye unga wake. "Kofia yake imeanguka, wala hapana hata mmoja aliyemwokotea."

Ijumaa ile, tulipotoka msikitini, mtu mmoja mwenye heshima zake akamshika Yusuf bega mbele ya watu, akamuuliza kwa utani kama ni kweli kwao wanapiga wazee. Akaonyeshwa simu. Nilikuwa hatua kumi nyuma. Nilimwona akitazama, kisha akamrudishia mwenye simu kwa mikono miwili, akavaa viatu vyake taratibu, akanijia.

"Nani kaileta?"

"Mie."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Yule ni ami yangu. Ndiye aliyenifundisha kutawadha, na ndiye aliyenifundisha kukunja ngumi." Akaniambia yaliyobaki tukiwa tumesimama juani, na nadhani aliniambia kwa kuwa hakuwa tena na cha kuficha. Ami yake alikuwa amesema kwenye televisheni ya mkoa kwamba watu wa vizimba ni wanyama wasio na mwalimu. Mwenye ukumbi wa Yusuf alitaka ukumbi upate jina, akajua kwamba mzee huyo atakataa kushindana na mtu yeyote isipokuwa mtoto wa ndugu yake. Walikubaliana itakuwa kuonyeshana tu, kugusana bila ya kuumizana. Mzee alipompiga kweli, mwili wa Yusuf ukafanya ulichofundishwa. "Walinipigia makofi," alisema. "Mama yangu hakunifungulia mlango. Nikatafuta kazi mbali kuliko zote." Na yule fundi mzee aliyekuwa akihama na bakuli lake, alikuwa jirani yao.

Tangu siku hiyo stoo ikawa kimya. Nilikwenda peke yangu baada ya laasiri, nikaruka kamba, nikapiga gunia, nikajirusha kwenye turubai lisilo na mtu. Yusuf alikula, akatafsiri, akalala. Akinikuta njiani hunitolea salamu kamili, na salamu ile iliniuma kuliko matusi. Nilikuwa nimerudi kutembea sebuleni, na safari hii mama hakunikumbusha haki ya zulia.

Mwezi wa pili wa kimya ule, Yusuf akapata simu kutoka kwao, kama nilivyosikia mezani. Ami yake amemaliza umra, yuko Dubai kwa mkwewe anayefanya biashara ya vitambaa, na mkwewe atamleta kwa gari mpaka Ibra, Alkhamisi. Hakusema anataka nini. Asubuhi ya Alkhamisi gari la kambi halipo na Yusuf hayupo. Saa nne likafika kambini gari lenye namba za Dubai, akashuka mzee yule yule wa kwenye simu yangu, mdogo kuliko nilivyodhani, pua yake imepinda kidogo upande. Akanitolea salamu. Nikasema la kwanza lililonijia, kwa Kiarabu ili mkwewe amtafsirie, kwamba Yusuf yuko kazini, atarudi, na kwamba nyumba yetu iko karibu.

Nikampeleka kwa mama. Nilimwambia jikoni, haraka haraka, mgeni huyu ni nani. Mama akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaenda mpaka mlangoni mwa majlisi, chumba cha wageni, akamwamkia mzee shikamoo kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo heshima kubwa kuliko zote aliyokuwa nayo, na mzee, asiyejua neno hilo, akainamisha kichwa kama aliyelijua. Nikawaacha hivyo, mkwe wake akinywa kahawa, nikapanda gari.

Nilijua pa kumtafuta. Alkhamisi mtu anayetaka kupotea ndani ya watu huenda Sinaw, kwenye mnada wa mifugo. Nikamkuta nje ya duara, amechutama baina ya mabedui, anatazama mbuzi wakizungushwa. Nikachutama karibu yake. Wanawake wa Kibedui wenye barakoa usoni walikuwa wakibishana bei juu ya vichwa vyetu.

"Amefika," nikasema.

"Najua. Nilimwona kituo cha mafuta. Nikageuza."

"Yuko kwetu. Mama anampikia."

Mbuzi wawili wakapita. Nikamwambia, "Wewe umepigana na ami yako mara moja, na watu walikuzunguka wakikusukuma. Mimi hakunisukuma mtu. Nilikaa nikanywa chai, nikawaonyesha. Wa kukimbia hapa ni mimi, na mimi nimekuja." Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mbedui mmoja akageuka kututazama. Yusuf akatazama mbuzi mpaka wa mwisho akauzwa. Mwishowe akasema, "Atanitemea mate," na kusimama, akajipangusa vumbi, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa likimzuia na sasa amelikubali.

Gari la kambi aliliacha pale pale, akapanda langu. Nilipoona anabonyeza vidole vyake kimoja kimoja nikaendesha kasi zaidi, nikiogopa atateremka.

Tulipofika laasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa papa, mzee amekula, na sasa alikuwa uani, amekalishwa kwenye mkeka chini ya kivuli cha ukuta, na mama kwenye kigoda mbali kidogo akimweleza kwa Kiswahili habari za figo zake. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno. Walikuwa wamekaa hivyo kwa muda wa saa tatu. Alipotuona akainuka. Yusuf akasimama mlangoni, akasema salamu, na salamu ikakatika katikati.

Mzee akajibu yote mpaka mwisho. Kisha akasema kitu kwa Kichina, kifupi. Yusuf hakutikisika. Mzee akarudia. Nikamuuliza Yusuf anasema nini, na yeye, kwa mazoea ya kazi yake nadhani, akatafsiri, macho chini.

"Anasema, miaka miwili anafikiri, na hajajua miguu yake ilichukuliwa vipi. Anataka nimwonyeshe. Polepole."

Mama yangu akauliza kuna nini, nikamwambia, akasema, "Juu ya mkeka wangu?" Halafu akaondoa kigoda, akavuta na mkeka wa pili.

Mzee akavua koti, akasimama, akainua mikono kwa utaratibu ule ule. Yusuf akaingia chini. Aliingia polepole kama mtu anayekwenda ndani ya maji asiyojua kina chake. Akamshika nyuma ya magoti, akambeba kidogo, na mkono mmoja ukatangulia nyuma ya kichwa cha mzee mpaka kikagusa mkeka. Mzee, kutoka chini, akauliza. Yusuf akajibu kwa kidole, hapa bega, hapa kiuno. Akauliza tena, akamfanya arudie. Mara ya tatu yule mzee wa miaka sabini akajaribu kuhamisha nyonga yake kabla ya kuanguka, na nikaona anafurahi, wallahi, kama mwanafunzi. Mkwe wake alikuwa amegeuza uso ukutani.

Halafu akiwa chini, na Yusuf juu yake amepiga magoti, akauliza jambo jingine. Yusuf akajibu. Akauliza tena, na safari hii Yusuf akachelewa kujibu. Mama akanifinya mkono. "Anamwambia nini?" Sikujua. Niliambiwa na Yusuf mwenyewe baadaye, tulipokuwa tukikunja mikeka, mzee na mkwewe wameshaondoka kurudi Dubai na Yusuf ameshaahidi kwamba mkataba ukimalizika atarudi kwao kufundisha, mzee asubuhi na yeye jioni, ua mmoja. Walifundisha hivyo miaka mingi. Vijana wao wengine waliingia vizimbani, wengine hawakuingia. Mimi nilipigana Maskati mara moja, nikashindwa raundi ya kwanza, nikarudi chuo nikamaliza. Lakini siku ile, uani kwetu, nilichoona kwa macho ni mzee amelala chali, anamtazama mtoto wa ndugu yake usoni, anangoja.

Alikuwa amemuuliza, baada ya kuangusha, kinafuata nini. Yusuf akamjibu kwamba inafuata ngumi, ndivyo walivyofundishwa, mkono huenda wenyewe. Mzee akamuuliza, na ile ya pili?

Yusuf akateremsha mikono juu ya mapaja yake. Kisha akasema, "Ya pili haikuwa ya mchezo, ami. Ya pili ilikuwa yangu."

Mzee akafumba macho, akayafumbua. Akasema kwamba hilo ndilo lililomleta, maana ngumi ya kwanza alishaisamehe siku ile ile, na ya pili ilikuwa haina mwenyewe wa kumsamehe. Akanyoosha mkono juu.

"Basi niinue," akasema, na Yusuf akamwinua.